UZI: Zaka si mia tano za mlangoni. Wafanyabiashara wa Moshi na Arusha, tukae tuhesabu

MuuzaNafaka (mleta uzi)

Assalaam aleykum wakuu, na ndugu zangu msio Waislamu salaam zenu pia.

Nina kibanda cha nafaka soko la Mbuyuni, hapa Moshi mjini. Mchele, maharage, mahindi, choroko kidogo. Nilianza kwa kupima kisado kisado, leo nauza kwa gunia, alhamdulillah. Nina jambo limenikaa kifuani na naliandika hapa kwa kuwa najua linawagusa wengi tulio pamoja kwenye biashara.

Kwa miaka tisa niliamini natoa zaka. Kila Ijumaa ya Ramadhani, baada ya sala, watu walijipanga mbele ya kibanda: mabibi, watoto, wenye ulemavu. Tangu Alhamisi nilikuwa nimeshatafuta chenji. Kila mmoja mia tano, mtu mzima sana elfu moja. Chenji ikiisha, nafunga mlango. Nikifika nyumbani namwambia mama watoto, zaka ya mwaka huu imetoka. Sikuwahi kuhesabu. Mimi ambaye nikilishika gunia najua limepungua kilo mbili, sikujua nadaiwa shilingi ngapi.

Mwaka 2019 nilikuwa kwenye darsa baada ya Alasiri, ustadhi akatuuliza mmoja mmoja: "Hauli yako inatimia tarehe ngapi?" Hauli ni mwaka wa Kiislamu tangu mali yako ifikie nisabu, yaani kile kiwango ambacho chini yake hudaiwi. Ilipofika zamu yangu nikajibu, "Ramadhani." Akaniuliza Ramadhani ndiyo ulipoanza kumiliki? Nikanyamaza. Ilibidi nirudi kwenye daftari za zamani, nikakuta mtaji wangu ulivuka nisabu katikati ya Rajabu. Basi tarehe yangu ni Rajabu, na nilikuwa nachelewesha kila mwaka bila kujua.

Usiku ule nilihesabu mara ya kwanza maishani. Naweka tarakimu zangu zote, maana zaka ikizungumzwa bila tarakimu hugeuka mawaidha tu, na mtu huondoka kama alivyokuja.

Mzigo uliokuwa ndani, kwa bei ya jumla ya siku ile na si bei niliyonunulia: 18,400,000. Pesa ya droo, ya simu na ya benki: 3,150,000. Madeni ninayowadai mama lishe na wenye hoteli, wale ambao najua wanalipa: 2,600,000. (Kuna mmoja alihama mji na deni langu, huyo sikumtia. Siku akilipa nitalitolea zaka.) Jumla 24,150,000. Mimi nilikuwa nadaiwa 4,150,000 na mkulima aliyeniletea mchele, ya kulipwa wiki ileile. Hapa pana khilafu: kwa madhehebu yetu ya Shafii kauli yenye nguvu ni kwamba deni halipunguzi zaka, wengine wanalikata kwanza. Ustadhi aliniambia nikate lile deni tu ambalo muda wake umefika. Ikabaki 20,000,000. Zaka yake ni moja ya arobaini, basi gawa kwa 40.

Laki tano.

Zile mia tano za Ijumaa nne nilizikusanya kwa makadirio, hazikufika elfu themanini. Nilikaa juu ya gunia la maharage kimya muda mrefu. Humo dukani mwangu mlikuwa na mali ya watu. Qur'ani katika Suratul Maarij (70:24-25) inawasifu wale ambao katika mali zao kuna haki maalumu ya mwombaji na ya aliyenyimwa. Haki maalumu, inayojulikana. Kitu kinachojulikana lazima kihesabiwe, na mimi nilikuwa natoa kwa kadiri ya chenji.

Ndiyo maana Abubakar (r.a.) hakulichukulia jambo hili kama watu kupungukiwa na huruma. Mtume (s.a.w.) alipofariki, yapo makabila yaliyosema tutasali ila zaka hatutoi, naye akaapa kupigana na yeyote atakayetenganisha sala na zaka. Na Muadh bin Jabal alipotumwa Yemen aliagizwa awafahamishe kuwa Mwenyezi Mungu amefaradhisha sadaka inayochukuliwa kwa matajiri wao na kurudishwa kwa mafakiri wao. Zingatia hilo neno "wao": mafakiri wa palepale.

Karibuni tuhesabiane. Mwenye elimu kunizidi anisahihishe.

---

Dalali wa Mawe

Waaleykum salaam mkuu. Umenigonga palepale. Mimi niko Arusha, nanunua na kuuza tanzanaiti inayotoka Mirerani. Nina mawe kwenye sanduku mwaka wa pili huu, soko limelala, nasubiri bei. Nilishaambiwa mawe ya thamani hayana zaka. Nimetulia kwa hilo. Au nimetulia vibaya?

MuuzaNafaka

Sheikh, aliyekuambia amesema kweli nusu. Jiwe lenyewe halina zaka, tofauti na dhahabu na fedha. Mkeo akivaa pete ya tanzanaiti hadaiwi kitu. Lakini wewe umelinunua kwa nia ya kuliuza, kwa hiyo kwako ni mali ya biashara, halina tofauti na gunia langu la choroko. Hauli ikifika unalithamini kwa bei ambayo ungelipata siku hiyo, si ile unayoiota.

Kuhusu soko kulala, wanazuoni wengi wanasema utatoa kila mwaka. Wamaliki wanamtofautisha mfanyabiashara anayezungusha mali kila siku na yule anayeweka akisubiri bei; huyu wa pili kwao hutoa mara moja atakapouza, zaka ya mwaka mmoja. Muulize mwanachuoni unayemwamini, na ukishachukua kauli usihamehame kila mwaka kutafuta iliyo nafuu.

Dalali wa Mawe

Nimeelewa. Nisabu napima kwa dhahabu au kwa fedha? Maana dhahabu ya sasa hivi si mchezo.

MuuzaNafaka

Nisabu ya dhahabu ni gramu 85. Ya fedha, namaanisha madini ya fedha, ni gramu 595. Zamani za Mtume (s.a.w.) dinari 20 na dirhamu 200 zilikaribiana thamani, leo ya dhahabu inaizidi ya fedha mara kadhaa. Wapo wanazuoni wanaoshika dhahabu kwa kuwa ndiyo iliyotulia zaidi. Wengi wanasema pesa na bidhaa zipimwe kwa fedha, kwa sababu itawafikia masikini wengi zaidi na mtoaji anakuwa salama na dhima. Mimi nashika fedha. Sioni raha ya mtu mwenye milioni kumi dukani kusema hajafikia.

---

Dada wa Pasua

Kaka, shukrani kwa kufungua hili. Nina maswali mawili. Niko kwenye kikoba, tunaweka hisa kila wiki na kuvunja mwisho wa mwaka. Pili, nina dhahabu za harusi, bangili nne na cheni, nyingine sijavaa tangu niolewe.

MuuzaNafaka

Dada, hisa zako ni mali yako hata kama ziko kwenye sanduku la kikundi. Zijumlishe na akiba yako nyingine. Zikifikia nisabu na kukaa mwaka, toa.

Dhahabu: kwa Mashafii pambo la halali linalovaliwa kwa kiasi cha kawaida halina zaka, Mahanafi wanasema linayo. Lakini umesema nyingine huvai kabisa. Jiulize kwa nini unazo. Ukijikuta unasema "zikae, siku nikikwama niuze", hiyo imekuwa akiba, na akiba ya dhahabu inazakiwa kwa madhehebu yote. Wapo wanaoongeza na zile za kuvaa kwa tahadhari, ni jambo jema.

Dada wa Pasua

Nilikuwa nasema hivyohivyo, zikae siku nikikwama. Kesho nazipeleka kwa sonara zikapimwe.

---

Mlutheri wa Machame

Salaam ndugu zangu. Nimesoma kwa heshima, naomba kueleweshwa. Sisi kanisani tunasema zaka kwa maana ya fungu la kumi. Nyinyi mnasema moja ya arobaini. Je, ni kitu kimoja kwa viwango tofauti?

MuuzaNafaka

Karibu sana jirani. Neno tunalichangia, hesabu ni mbili. Fungu la kumi, kama ninavyowasikia majirani zangu, mnalitoa kwenye kipato kila kinapoingia. Kwetu pesa ikiingia leo na kuliwa kesho haina zaka. Inadaiwa ile iliyobaki, ikafikia kiwango, ikatimiza mwaka. Na wapokeaji wamekwisha kutajwa katika Suratut Tawba (9:60), makundi manane: mafakiri, masikini, wanaoitumikia, wanaotiwa nguvu nyoyo zao, kukomboa watumwa, wenye madeni, njia ya Mwenyezi Mungu, na msafiri aliyekwama. Kujenga msikiti, kwa kauli ya wengi, hakumo. Msikiti hujengwa kwa sadaka na wakfu. Hata hiyo sehemu ya kumi kwetu ipo, ila ni kwenye mazao ya shamba.

---

Mkulima wa Chekereni

Hapo kwenye shamba ndipo ninapopasubiri. Mimi nalima mpunga huku bondeni kwa maji ya mfereji. Baba yangu mdogo yuko juu mlimani, ana mahindi na maharage kihambani (shamba la nyumbani), maji ya mfongo, ule mfereji wa asili. Yeye anasema shamba halina zaka ila ukiuza. Kweli?

MuuzaNafaka

Hapana mkuu, mpe salaam zangu mzee na umwambie taratibu. Mazao hayasubiri kuuzwa wala hayasubiri mwaka. Suratul An'aam (6:141) imeagiza haki yake itolewe siku ya kuvuna.

Nisabu ni wasaki tano, kama kilo 653 za nafaka iliyo safi. Kwa mahindi ni kama gunia sita na nusu za kilo mia (za kilo mia kweli, si lumbesa). Mpunga una jambo lake ambalo wakulima wengi hawajaambiwa: kwa kuwa unahifadhiwa na maganda yake, Mashafii wameweka nisabu yake wasaki kumi, kama kilo 1,300.

Kiasi cha kutoa kinafuata maji. Kilichonyeshewa na mvua, au kumwagiliwa na maji yanayotiririka yenyewe, ni moja ya kumi. Kilichovutiwa maji kwa gharama ni nusu yake, moja ya ishirini. Sasa tazameni mfongo wa Uchagani: babu zetu waliuchonga mlimani, maji yanashuka yenyewe bila kuinuliwa. Kazi ya kuchimba na kuzibua mfereji haihesabiki kuwa gharama ya maji, kwa kauli iliyo sahihi kwa Mashafii. Mzee wako anatoa moja ya kumi. Wewe wa bondeni angalia unacholipa. Kama ni mchango wa kusafisha mfereji, uko pamoja na mzee. Kama maji yenyewe unayanunua, au una pampu ya dizeli, ni moja ya ishirini. Umevuna gunia 20 za mpunga za kilo mia? Mbili au moja, kufuatana na hayo. Mbolea na vibarua, kwa Mashafii, havikatwi.

Kahawa na ndizi si chakula kikuu kinachohifadhika, kwa hiyo kwa Mashafii hazimo. Pesa yake ikikaa mwaka na nisabu imetimia, inaingia kwenye hesabu ya pesa. Mahanafi wanazitia humohumo shambani.

Mkulima wa Chekereni

Tunachanga ya mfereji tu. Kwa hiyo misimu yote hii nilitakiwa moja ya kumi na nilikuwa natoa debe moja kwa mwalimu wa madrasa. Innalillahi.

---

Kijana wa Njoro

Kaka umesema ulikaa juu ya gunia. Hiyo laki tano mwisho ulimpa nani? Na ile miaka tisa?

MuuzaNafaka

Nilitaka kukwepa hili swali, lakini umeuliza kwa wema.

Nilianza kutafuta fakiri wa kumpa. Nikawaza yatima, nikawaza wajane, nikauliza msikitini. Wiki nzima. Na siku zote hizo mzee mmoja wa mkokoteni alikuwa ananiletea magunia kutoka stendi ya malori. Amenibebea mzigo tangu nauza kwa kisado. Siku moja alichelewa, nikamgombeza. Akaniomba radhi, akasema mwenye mkokoteni alimnyima asubuhi kwa sababu hesabu ya jana haikutimia.

Kumbe mkokoteni si wake. Analipia kila siku, apate mzigo asipate. Kinachobaki hakitoshi chakula cha watu sita.

Nilimwendea ustadhi nikamwambia, huyu ana kazi, ana nguvu, anaingia kwenye zaka? Akanisomea habari ya jahazi katika Suratul Kahf (18:79). Lile jahazi ambalo Khidhri alilitia dosari lilikuwa la masikini wafanyao kazi baharini. Wana chombo, wana kazi, na Mwenyezi Mungu amewaita masikini. Ndiyo hoja ya Mashafii kwamba fakiri ni asiye na kitu, au alichonacho hakifiki hata nusu ya haja yake, na masikini ni yule anayepata ila hakimtoshi. Akaniambia pia kwamba mwenye ufundi au kazi hupewa chombo cha kazi yake ili asirudi tena mwakani.

Miaka yote nilikuwa natafuta masikini kwa macho kwenye foleni ya Ijumaa, na masikini wa aya alikuwa ananitolea jasho mlangoni kila asubuhi, na nikimpunjapunja kwenye nauli ya gunia. Hilo la kumpunja linaniuma hadi leo.

Nilimchongeshea mkokoteni, 280,000 pamoja na magurudumu. Nilipomkabidhi aliuliza marejesho yatakuwa shilingi ngapi kwa wiki. Nikamwambia hakuna, huu ni wako. Alizunguka ule mkokoteni mara mbili akiushika, hakusema neno. Kesho yake akakataa nauli yangu, anataka anibebee bure. Ikabidi nimweleze kwamba nikipokea hilo nitakuwa nimeirudisha zaka mfukoni mwangu. Namlipa kama wengine wanavyomlipa, na sasa simpunji.

Iliyobaki, 220,000, ililipa deni la kijana wa bodaboda aliyemdhamini mwenzake kwenye kikundi cha mikopo, mwenzake akatoroka. Huyo ni katika wenye madeni.

Ile miaka tisa: zaka haifutiki kwa kupita miaka. Nilikadiria mwaka kwa mwaka kwa daftari nilizokuwa nazo, nikazidisha pale nilipotia shaka, nikaanza na nilichoweza papo hapo. Kilichobaki nilikiandika kwenye wasia, nikifa kilipwe kabla ya kugawa mirathi. Nilimaliza mwaka 2022.

---

Mwalimu wa Himo

Mimi ni mtumishi, mshahara unakata tarehe ishirini. Nimesoma yote haya nikijiuliza nadaiwa au nastahiki.

MuuzaNafaka

Mwalimu, kama hakibaki kitu, hudaiwi. Na kama kwa haki kabisa hakitoshi chakula, kodi ya nyumba na ada, basi wewe ni katika wenye jahazi. Usione aibu. Akikupa mtu, pokea haki yako.

---

Duka la Jumla Mbauda

Swali la kijasiriamali. Nimemsamehe mteja deni la laki tatu, amekwama kabisa. Nihesabu ndiyo zaka yangu? Pia nalipa kodi ya serikali kila robo mwaka, haihesabiki?

MuuzaNafaka

La kwanza, kwa wanazuoni wengi hapana, kwa sababu zaka ni kutoa na kukabidhi, na hapo unaokoa mali yako iliyokwisha kupotea. Ukimpa zaka mkononi bila sharti, naye kwa hiari yake akakulipa deni, hapo sawa. La pili, kodi ni wajibu mwingine, wenye nia nyingine na wapokeaji wengine. Kilichokwenda kwenye kodi hakimo tena kwenye mali yako, kwa hiyo hukihesabu, lakini hakiondoi zaka ya kilichobaki.

Dada wa Pasua

Naruhusiwa kumpa ndugu?

MuuzaNafaka

Kaka, dada, shangazi, mjomba wenye shida, ndiyo, na ni bora zaidi: sadaka na kuunga udugu. Wazazi na watoto wako hapana, hao kuwalisha ni jukumu lako. Mume hampi mkewe kwa sababu hiyohiyo. Mke anaweza kumpa mumewe aliye masikini, mke wa Ibn Masuud alimuuliza Mtume (s.a.w.) akajibiwa kuwa ana malipo mawili.

Kijana wa Njoro

Na ile pishi ya Idi?

MuuzaNafaka

Hiyo ni zaka ya fitri, ni kitu kingine. Pishi moja, vibaba vinne, ya chakula kikuu cha watu wa mahali, kwa kila mtu wa nyumba yako hata mtoto mchanga, kabla ya sala ya Idi. Hiyo hata mimi na chenji zangu nilikuwa naitoa sawasawa. Watu wengi hutoa hii wakadhani wamemaliza.

---

Duka la Jumla Mbauda

Wakuu, nimefunga duka saa kumi leo, niko na mwanangu tunahesabu. Tumemaliza sukari, mafuta na sabuni. Rafu na mizani navyo natia?

MuuzaNafaka

Rafu, mizani, friji, pikipiki ya kusambazia, acha. Hivyo si vya kuuza. Endelea na mchele, na usisahau katoni zilizo stoo ya nyumbani. Tumia bei ya jumla ya leo. Pia chagua tarehe ya Kiislamu uiandike ukutani. Ukifuata Januari hadi Januari unazidisha siku 11 kila mwaka, na zile siku zina wenyewe.

Duka la Jumla Mbauda

Mwanangu ameandika tarehe kwa chaki juu ya mlango wa stoo. Tunaingia kwenye mchele sasa.